Mimi na Baba Tumeacha Sigara, Ulizeni Wapi

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilitumika kufungia nyanya kabla hujalisoma, habari kwa kifupi ni hii: suruali yangu iliwaka.

Mwalimu wa zamu alitokea nyuma ya mabafu bila kukohoa kwanza, kama wafanyavyo wastaarabu. Sigara ilikuwa mdomoni. Nikaitia mfukoni ikiwa hai. Nikasimama wima, nikamwamkia, nikamjibu maswali mawili ya jiografia kwa usahihi ambao haujatokea tena maishani mwangu, na muda wote huo moshi ulikuwa unanitoka pajani.

"Kijana," akasema, "unaungua."

"Hapana mwalimu. Ni joto la siku hizi tu."

Hapo ndipo mimi na wewe msomaji tulipoachana. Kesho yake baba akaitwa shuleni.

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Tangu nipate akili sijamwona na kiberiti. Akitaka kuwasha sigara, anainamia chuma alichotoka kukichomelea kikiwa bado chekundu, anavuta mara moja, imewaka. Nilipokuwa mdogo nilidhani huo ndio ufundi wenyewe na mageti ni kazi ya ziada.

Alifika na ovaroli lake la kazini, akaketi mbele ya meza ya mkuu wa shule, kofia magotini. Mimi nilisimama pembeni nikiwa nimevaa suruali ya ushahidi, tundu likitazama mbele.

Mkuu wetu huzungumza kama anayesoma taarifa ya habari. Akaeleza mapafu. Akamaliza mapafu, akaingia kwenye moyo. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, "Kweli mwalimu, kweli kabisa," na kadiri maneno yalivyozidi kumwingia ndivyo mkono wake ulivyozidi kuhangaika. Ukapanda wenyewe, bila kutumwa, ukaingia mfuko wa kifuani, ukachomoa sigara, ukaiweka mdomoni.

Mkuu akanyamaza akiwa katikati ya ini.

"Mzazi."

"Naam, mwalimu."

"Hiyo ni nini?"

Baba akaitoa, akaitazama kama mtu aliyekuta kiatu cha jirani mguuni pake.

Mtoto mwenye malezi angetazama sakafu. Mimi nikaona ofisi imekosa msemaji.

"Mwalimu, si umeona mwenyewe?" nikasema. "Mimi sivuti. Narithi."

Baba alicheka. Ndiye aliyecheka peke yake. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kwisha. Mkuu akaacha kiti chake, akammiminia maji. Kile kikohozi nimekisikia kupitia ukutani maisha yangu yote, kilikuwa saa yangu ya kuamkia. Lakini pale ofisini, pakiwa hapana redio wala nyundo ya mtu, ndipo nilipokisikia. Kilikuwa cha mtu anayesukuma kabati zito peke yake, na kabati haliendi.

Alipopata pumzi alisema, "Mwalimu, daktari naye ameniambia hayo hayo. Nimejaribu, nimeshindwa, nimejaribu tena. Sasa tufanye hivi. Tunaacha wote wawili, leo, mbele yako. Akivuta yeye, navuta mimi. Nikivuta mimi, avute na yeye."

"Mzazi, hiyo sehemu ya pili..."

"Hiyo ndiyo itakayonishika, mwalimu. Mimi kujiua naweza. Kumuua huyu siwezi."

Mkuu alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Kisha akatoa hukumu: nibaki shuleni, lakini siku nitakayokutwa na sigara tena, mimi na sanduku langu tutaonana na geti kwa nje.

Ndivyo mimi, mtu niliyewahi kufunga mbuzi kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu, nilivyokabidhiwa kifua cha baba yangu.

* * *

Nilipelekwa zahanati ya shule, kwa nesi.

Nesi wetu ni mama mnene mwenye sauti nyembamba, na ana tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho, jambo linalomharibia mwongo kazi.

"Unavuta saa ngapi?" akaniuliza.

"Nikipata, sista."

"Sikuulizi pakiti. Nakuuliza saa. Inakujia wakati gani?"

Nikafikiri. "Baada ya chai ya saa nne. Na tukishatoka kula."

"Ukiwa na nani?"

Sikumtaja. Akamtaja yeye: "Ukiwa na Dohani."

Dohani ni rafiki yangu. Jina hilo alipewa na bweni zima kwa kura ya wazi, kwa kuwa akivuta, moshi hutoka puani, mdomoni, na wengine wanaapa hata masikioni.

"Basi baada ya chai usiende nyuma ya mabafu," nesi akasema. "Njoo hapa ukate bandeji. Mikono ikipata kazi, mdomo unasahau kidogo. Tena hii hamu unayoiogopa ina mwisho wake. Inapanda, inafika juu, inashuka. Watu wengi huvuta pale juu kabisa, wakidhani itabaki hapo milele. Wewe kaa nayo. Kunywa maji. Vuta pumzi. Na waambie watu kwamba umeacha."

"Watu gani?"

"Wote. Ukiacha kwa siri utarudia kwa siri. Halafu sikia: siku ukiteleza, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Moja si mkosi. Mkosi ni ile ya pili unayoivuta kwa sababu umeshavuta ya kwanza."

Nilitoka pale nikiwa nimeshika maagizo yote, na kama kawaida yangu nikaamua kuyafanyia mzaha.

Jioni ile nilipanda juu ya meza ya bwalo, nikagonga sahani kwa kijiko.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo nimeachana na sigara. Tumetengana kwa amani. Watoto watabaki kwake." Watu wakapiga makofi. "Na kwa kuwa mimi siaminiki, naunda Kamati ya Kunusa. Kila jioni kabla ya kulala itaninusa vidole na mdomo. Mwenyekiti wake, kwa uzoefu wake mkubwa, ni Dohani!"

Ilikuwa utani. Nilitarajia wacheke walale. Lakini ukiwapa wavulana wa bweni ruhusa ya kumdhalilisha mwenzao kwa taratibu rasmi, hawalali. Kamati ilikaa jioni ile ile. Ilikaa na kesho yake. Walipanga foleni mbele ya kitanda changu, wananinusa kama nyama ya kutiliwa shaka, na mwenyekiti anatangaza, "Msafi!" bweni zima linaitikia, "Apumzike!"

Hivyo mchana nilipotaka sana, nilipokuwa tayari kumbusu mtu yeyote mwenye kipisi, nilikumbuka ile foleni ya pua. Nilijichimbia shimo kwa utani nikaishi ndani yake kwa dhati.

Msidhani nilikuwa shujaa. Siku za mwanzo nilikuwa na hasira ya kuku aliyenyimwa kulalia mayai. Niligombana na kitasa cha mlango. Nesi aliniambia nitafute kitu cha kutafuna, nikatafuna kalamu, na siku ya ukaguzi wa usafi kalamu ikapasuka. Nilimwamkia mkaguzi kwa ulimi wa buluu. Akaandika kwamba shule ina ugonjwa mpya.

Na Dohani, mwenyekiti wangu, alinifuata siku moja kwenye bomba la maji.

"Kweli umeacha?"

"Si unaninusa mwenyewe?"

"Nanusa, ndiyo." Akapiga teke kokoto. "Sasa mimi nitavuta na nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nyuma ya mabafu hatukuwa tunavuta tu. Ndipo tulipokuwa tunapiga soga. Nikamwambia aje kukata bandeji. Akanitukana matusi mepesi, na kesho yake akaja.

* * *

Siku ya wazazi baba alikuja kunitembelea. Hatukuonana, maana nilikuwa natumikia adhabu jikoni kwa kosa jingine kabisa (lile la chura, nitalieleza nikipewa nafasi). Akaniachia koti lake kwa nesi, kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza kutuuma.

Jioni nesi alikuja jikoni mbio, na mwili wake ule haukuumbiwa mbio.

"Baba yako amepiga simu! Mtandao ulikuwa unakatika-katika, lakini nimemsikia vizuri. Amesema, 'Mwambie mwanangu, nimeacha sigara'! Halafu ikakatika."

Niliangusha sufuria.

Sitawadanganya, nilikwenda nyuma ya stoo ya kuni nikatoa machozi, nikamwambia mpishi ni vitunguu. Mpishi akasema siku ile hapakuwa na vitunguu.

Habari ilimfikia mkuu, na mkuu alikuwa na kiu ya habari njema. Asubuhi, shule nzima ikiwa imepanga mistari, akaniita mbele nitoe ushuhuda.

Nilipanda jukwaani nimevaa koti la baba. Lilinifika magotini, linanuka chuma na grisi. Niliwahi kupanda jukwaa lile mara nyingi, lakini kila mara ilikuwa ni kutangaziwa adhabu.

"Ndugu zangu," nikaanza kwa sauti ya mazishi. "Baba yangu, aliyevuta tangu sijazaliwa, ameacha sigara."

Makofi.

"Na mimi mwanawe, nimeacha sigara."

"Umeiacha wapi?" Dohani akapiga kelele kutoka mstari wa nyuma.

Shule ikacheka. Mimi nikampuuza, nikainua mkono juu kama mgombea.

"Zamani," nikasema, "ungenitia mkono mfukoni hapa, ungekuta nini? Aibu! Lakini leo, tazameni wenyewe!"

Nikauzamisha mkono kwenye mfuko wa koti, nikautoa kwa fahari, nikaunyanyua mbele ya wanafunzi, walimu na bendera.

Ilikuwa pakiti ya sigara.

Kisha shule nzima ikapasuka. Walidhani ndio mzaha mkubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Walipiga miluzi. Kuna waliolala chini. Mwalimu wa hesabu, aliyenichukia tangu enzi za mbuzi, alipiga makofi mawili kabla ya kujizuia.

Mkuu hakupiga.

* * *

Ofisini tulikuwa watatu: mkuu, nesi na mimi. Pakiti ilikaa mezani. Ilikuwa imefunguliwa, tena imepungua.

"Hii ni ya nani?" mkuu akauliza.

Nilikuwa nimeshajua. Koti lilitoka mwilini mwa baba moja kwa moja. Nikisema ni ya baba, napona, na baba anaitwa tena kuketi kwenye kile kiti na kofia magotini, mtu mzima aliyevunja kiapo chake. Nikisema ni yangu, nafukuzwa, na baba akiambiwa mwanawe amerudia, ana ruhusa ya kuvuta mpaka kifua kiishe. Nilizungusha akili mara mbili, ikarudi mikono mitupu.

"Ni yangu," nikasema.

Nesi akanitazama. Mkuu akashusha pumzi.

"Nenda kafungashe. Lakini kwanza mzazi ajue."

Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu ili tusikie wote. Iliita, ikapokelewa, nyuma yake nyundo zinalia.

"Mzazi, nasikitika. Mwanao amekutwa na sigara. Mbele ya shule nzima. Zilikuwa kwenye koti."

"Lipi? Langu?"

"Lako."

"Sasa mwalimu, si nilishasema?" baba akapaza sauti. "Nilimpigia sista jana, nikamwambia, nimeacha sigara kwenye koti, mwambie mwanangu azitoe azitupe!"

Nesi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee! Mimi nilisikia umeacha sigara!"

"Ndiyo! Kwenye koti!"

"Umeacha sigara, nikajua umeacha sigara!"

"Nimeacha, sista, kwenye koti, mfuko wa kulia!"

Mkuu, ambaye alifundisha Kiswahili kabla ya kuwa mkuu, alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino.

Nilikuwa nimepona. Ilinichukua muda mfupi kuona kwamba kama mimi nimepona, basi yuko ambaye hajapona. Nyundo za kule zilinyamaza. Nadhani baba alitoka nje.

"Kwa hiyo mzazi, wewe unavuta," mkuu akasema polepole.

"Mpe mwanangu simu."

"Baba, wote wanakusikia."

"Basi wasikie." Akakohoa. "Nilikwenda vizuri, mwanangu. Vizuri sana. Halafu nikapima geti vibaya. Mteja kaja, halifungi, kanitukana mbele ya vijana wangu. Wenzangu wakaketi, mmoja akanipa moja, nikaona ni moja tu. Nilipomaliza ile nikajiambia, si tayari nimeshaharibu? Nikanunua pakiti."

"Ungenipigia, mzee," nesi akasema.

"Nikwambie nini, sista? Mtu mzima mimi." Akakohoa tena. "Mwanangu, wewe umeweza. Uliacha, endelea hivyo hivyo. Sasa na mimi niache."

"Sikuachi," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Katika maneno yote niliyowahi kusema ndani ya ofisi ile, hilo ndilo la kwanza ambalo sikulipiga pasi kabla ya kulitoa.

Mkuu akainama kuangalia kama simu imekatika.

"Umevuta, wewe?" baba akauliza.

"Sijavuta."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba."

"Unasema kweli, au unasema kama unavyosemaga?"

Nesi alimeza kicheko. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Basi sikia," baba akasema. "Niletee hiyo pakiti. Leo. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Najua zilizobaki. Ikinifikia kama ilivyo, nitajua jambo hili kwa watu wa damu yetu linawezekana. Nitaacha, na safari hii si kwenye koti."

"Mzee, hapana!" nesi akaruka. "Ndicho kitu cha kwanza tunachomkataza! Hatakiwi kukaa nazo hata chumba kimoja, wewe unataka asafiri nazo?"

Lakini baba alikuwa ameshakata.

Nesi akamgeukia mkuu. Mkuu akaizungusha pakiti mezani kwa kidole.

"Mali ya mzazi imeombwa na mzazi," akasema. Halafu, kwa sauti ambayo haikuwa ya taarifa ya habari: "Na mimi nadhani hatamwamini mtu mwingine yeyote."

Nesi alinijazia chupa ya maji mpaka mdomoni. "Ikikujia kunywa. Vuta pumzi. Sema kwa sauti kwa nini unaacha. Na ukifika, tafadhali mwanangu, mara hii moja tu, usitunge."

* * *

Lori la shule lilikuwa linakwenda kuchukua unga mjini. Mbele kulikuwa na mizigo ya jikoni, kwa hiyo nikakaa nyuma peke yangu juu ya magunia matupu, koti la baba mwilini, pakiti mfukoni.

Mwanzoni niliimba. Nilijiona mjumbe wa taifa aliyebeba hazina.

Kisha dereva akawasha yake. Moshi ukatoka dirishani, ukapinda, ukanifuata nyuma kama unanijua jina.

Jamani, niliitaka. Sijui niwaeleze vipi ninyi msiovuta. Si njaa, maana njaa huna haja ya kubishana nayo. Hii inabishana. Iliniambia kwa upole kabisa: baba mwenyewe amevunja. Mapatano yalisema akivuta yeye, nivute na mimi. Kisheria uko sawa. Mtoto mwema hutimiza maneno ya baba yake.

Nilikunywa maji. Nikamaliza chupa. Nikavuta pumzi, ikaja na moshi wa dereva, nikavuta nyingine haraka haraka.

Sikumbuki niliamua saa ngapi. Nakumbuka nimegonga kioo cha nyuma, dereva amenyoosha mkono, nami nimepokea kiberiti. Nakumbuka sigara iko mdomoni na njiti iko kidoleni. Nikakumbuka nilitakiwa kusema kwa sauti kwa nini naacha. Nikafungua mdomo nusu, nikaanza, "Naacha kwa sababu ya..."

Gurudumu likaingia shimoni.

Nilipaa. Nilipotua, meno yalikutana, na sigara ilikuwa katikati yao. Njiti iliruka ikaenda zake. Nilikaa pale nikitema tumbaku chungu, machozi yananitoka, ulimi unaniwasha, na kufikia wakati niliposafisha mdomo kwa mkono wa koti, ile hamu ilikuwa imeshashuka. Ilishuka kweli, kama nesi alivyosema. Nikabaki nimeduwaa kama mtu aliyejiandaa kupigana akakuta adui amekwenda kula.

Kwa hiyo ushindi wangu mkubwa juu ya sigara nagawana na watu wa barabara, ambao hawakuziba lile shimo. Nawashukuru.

Vipande viwili nikavirudisha kwenye pakiti. Njia iliyobaki niliitumia kwa kazi ninayoiweza: nilitunga. Nilikuwa na uongo mzuri wa panya. Nilikuwa na mwingine wa mlinzi wa geti aliyekalia koti. Nilikuwa na wa tatu, bora kuliko yote, wenye mtoto mchanga ndani yake.

* * *

Baba alikuwa peke yake karakanani. Vijana wake walikuwa wamekwenda kula. Lile geti lisilofunga lilikuwa limeegemezwa ukutani, na yeye ameketi kwenye benchi akilitazama. Nilimwamkia. Hakuinuka. Alinyoosha kiganja.

Nikampa pakiti.

Aliifungua, akazipitisha kwa kidole moja moja, midomo ikihesabu. Akafika mwisho. Akavitoa vile vipande viwili, akavinyanyua kwenye mwanga.

"Hii imefanywa nini?"

"Imevunjika, baba."

"Naona imevunjika. Hii ina meno."

Panya akaja mpaka kwenye ncha ya ulimi wangu. Alikuwa panya mzuri. Nilimwona baba ananitazama, kifua kikipanda na kushuka kwa shida kama mvukuto wa mhunzi uliotoboka, na nikamrudisha panya wangu nilikomtoa.

"Ni ya kwangu. Nimeiweka mdomoni njiani."

"Umewasha?"

"Sijawasha. Lori limeingia shimoni nikaiuma."

"Na lisingeingia?"

Nikatoa kiberiti cha dereva, ambacho nilisahau kukirudisha, nikakiweka kwenye benchi. "Sijui baba. Njiti nilikuwa nimeshaitoa. Nilitaka. Nilitaka mpaka mikono ikawa si yangu."

Nilingoja kofi. Halikuja. Baba alisogea upande, nikaketi. Akaiweka pakiti katikati yetu, juu yake akaweka kiberiti.

"Unajua nimekaa hapa nafanya nini?" akasema. "Nilikuwa naomba ufike umevuta. Mimi baba yako. Naomba ufike unanuka, ili nami nipate kuvuta kwa amani."

Nikalitazama lile geti.

"Sasa umeniletea kesi," akaendelea. "Umeitaka, umeishika mkononi, na moto unao, na bado umefika hivi. Nikuite nini?"

"Mwenye bahati."

"Mjinga," akasema, lakini kwa upendo. Akajifuta uso. "Naitaka sasa hivi, mwanangu. Hivi tunavyoongea."

"Sista anasema ina mwisho. Inapanda, inafika juu, inashuka. Mtu anakaa nayo tu."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika chache."

"Chache ngapi?"

"Hakunipa vipimo kama vya mageti."

Alicheka, akakohoa. Nikamletea maji kutoka kwenye ndoo, akanywa kikombe chote. Nikamwonyesha jinsi ya kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole, akafanya, akasema tunafanana na wehu wawili. Tukakaa. Hapakuwa na nyundo. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye mashavu ingawa kulikuwa na baridi, na nikajua bado inapanda.

"Sema kwa sauti kwa nini unaacha," nikamwambia.

"Unaniuliza sababu, wakati imekaa hapa pembeni imevaa koti langu?"

Nikatazama kwingine, maana hapakuwa na stoo ya kuni ya kujificha.

Nilipogeuka, mkono wa baba ulikuwa unakwenda. Ulikwenda polepole, wenyewe, kama siku ile ofisini kwa mkuu, ukafika kwenye benchi katikati yetu, ukafunika pakiti na kiberiti pamoja.

Nikaweka wangu juu yake. Ulikuwa wa moto.

"Ondoa mkono, mwanangu," akasema.

"Unataka kufanya nini, baba?"

Hakunitazama. Alikuwa anaitazama ile ndoo ya maji.

"Ondoa kwanza."